Nimwage au nisimwage? Uzi wa wenye hofu ya vijidudu kwenye bia ya ndoo

Ndoo Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Anayepika bia nyumbani ana swali moja tu, analibadilisha nguo. Kijiko kimetumbukia, nimwage? Nimefungua mfuniko kuchungulia, nimwage? Inzi kaingia, mkono umegusa, mfuniko haukukaa sawasawa usiku kucha, nimwage? Jibu langu kwa yote hayo ni usimwage, angalau si leo. Sisemi bia haiharibiki. Inaharibika vizuri tu. Ila kinachotia watu hofu mara nyingi sicho kinachoharibu bia, na kinachoiharibu kimejificha mahali ambapo hakuna anayepatazama.

Tuanze na la afya, maana ndilo linalokosesha watu usingizi. Bia iliyokwisha kuchachuka ni mahali pagumu kuishi: kuna pombe, mara nyingi asilimia 4 hadi 6, kuna uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), asidi ya pH 4.0 hadi 4.5, hewa ya ukaa tele, oksijeni karibu hakuna, na sukari rahisi imeshaliwa yote. Vijidudu vya kuharisha, salmonela na wenzake, havistawi humo. Vinavyostawi ni bakteria wa asidi ya laktiki, bakteria wa siki na hamira pori, na hao kazi yao ni kukuharibia ladha. Utakunja uso, hutalazwa. Na wale wa methanoli, naomba tusiuteke uzi: bia ya nafaka haina methanoli ya kukudhuru, balaa hilo ni la pombe kali zilizochakachuliwa.

Kuna mambo matatu ambayo hayo niliyosema hayayahusu, na hapo sitanii.

La kwanza, ukungu wenye manyoya juu ya bia. Hiyo mwaga bila mjadala.

La pili, nafaka au kimea chenye ukungu. Sumukuvu haifi kwa kuchemsha, kwa hiyo usijidanganye kwamba saa nzima jikoni itaisafisha.

La tatu ndilo watu hawalijui: maji ya kimea (yale maji matamu ya nafaka kabla hayajawa bia) yaliyochemshwa, yakafungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, yakakaa siku kadhaa kwenye joto la kawaida bila hamira. pH yake ni 5 na kitu, oksijeni hakuna, sukari imejaa, na mbegu za bakteria wa botulizimu, sumu inayoua mtu, hazifi kwenye nyuzi 100. Hamira ikiingia siku hiyohiyo inashusha pH na kufunga mlango. Ukitaka kuyahifadhi ya baadaye, yagandishe, au yapikwe kwenye presha inayofika nyuzi 121.

Sasa turudi kwenye ndoo. Kabla ya kuchemsha, hofu ni ya bure kabisa. Koroga hata kwa mpini wa fagio, dakika 60 za kuchemka zitamaliza mambo, na mbegu chache zinazobaki haziwezi kuota ndani ya bia. Mchezo unaanza unapozima moto. Maji ya kimea yakishuka chini ya nyuzi 60 hivi, kila kitakachoyagusa kiwe kimesafishwa na kuuliwa vijidudu, na mbio zinaanza papo hapo. Bakteria huweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa hivi, hamira inataka saa kadhaa. Ukiwaacha waanze sawa, hamira inashindwa. Ndiyo maana tunaitia kwa wingi: kwa lita 20 za maji ya kimea yanayosoma 1.048 kwenye haidromita (kipimo kinachoelea, kinachosoma juu zaidi kadiri sukari ilivyo nyingi), hesabu ya kawaida ni seli bilioni 180 hivi. Mbele ya umati huo, kijiko kilichotumbukia kimeleta watu wachache sana. Ni kama kuwahi kiti, aliyekaa kwanza hanyanyuki.

Kwa hiyo ukiniuliza wapi pa kuweka hofu yako, nitakuambia iweke kwenye hamira kuukuu, kwenye hamira kidogo, na kwenye maji ya kimea yaliyoachwa usiku kucha yapoe yenyewe huku mfuniko umekaa upande. Kijiko kisamehe.

Karibuni.

Kizibo

Mkuu nimeweka kambi hapa. Mimi yangu ni ya macho. Nafungua ndoo nakuta kitu cheupe juu. Kila picha ninayoiona mtandaoni mmoja anasema ni maambukizi, mwingine anasema ni hamira tu. Nani mkweli?

Ndoo Nyeupe (mleta uzi)

Kizibo, chukua tochi, imulike kwa ubavu, usiimulike kutoka juu. Mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha sura ya kitu.

Povu la siku za mwanzo huwa la krimu, juu yake kuna madoa ya kahawia na kijani cha hopsi, na likishuka linaacha pete chafu kwenye ukingo wa ndoo. Pete hiyo inatisha kwelikweli lakini haina kosa. Baada ya hapo utaona visiwa vya hamira, vyeupe vya maziwa au vya rangi ya mchanga, vinaelea. Gonga ndoo kidogo kwa kidole: vinameguka, vipande vinazama. Hivyo ni salama.

Utando wa vijidudu una tabia nyingine. Ni mkavu, umetandazwa kama ngozi nyembamba, mara nyingine una mikunjo. Chini yake kuna mapovu makubwa yaliyokaa tu, hayapasuki, na juu yake yana weupe wa poda. Ukigonga ndoo, unatikisika wote kwa pamoja kisha unarudi ulivyokuwa. Huo unajengwa na hamira pori au bakteria wanapokutana na oksijeni, maana yake kuna hewa inaingia mahali au umeacha nafasi kubwa mno juu ya bia.

Ukungu hauhitaji tochi. Una manyoya, una duara, una kijani, buluu au weusi.

Na hata ukiona utando, usikimbilie sinki. Utando wenyewe si sumu. Chota sampuli chini yake, onja. Kuna bia nyingi zenye utando ambazo chini yake ziko sawa, na ukiziwahi kuziweka kwenye chupa na kuzinywa mapema ukiwa umezipoza, hutajua kama kulikuwa na tatizo.

Haidromita

Hapo kwenye kuonja nakupinga, mleta uzi, au niseme nakupinga nusu. Ulimi wa mtu mwenye hofu ni shahidi wa uongo. Akishaamini bia imeharibika atasikia uchachu hata kwenye maji.

Nusu ya ladha ambazo watu wanaziita maambukizi ni kazi ya hamira yao wenyewe. Harufu ya tufaha bichi ni bia changa, hamira haijamaliza kazi, iache hapohapo. Harufu ya siagi inaweza kuwa bakteria, lakini mara nyingi zaidi ni hamira ambayo haikupewa muda wa kusafisha uchafu wake. Iongezee joto nyuzi mbili tatu mwishoni, siku chache, inaondoka. Harufu ya mahindi ya kuchemsha mara nyingi ni ya sufuria iliyofunikwa wakati wa kuchemka. Karafuu na ndizi kuna hamira zinazotoa hivyo kwa makusudi kabisa, na watu wanazinunua kwa ajili hiyo. Yai bovu ni salfa, wapikaji wa lager wanaizoea, inapukutika yenyewe.

Ya kushtukia ni haya: uchachu unaozidi wiki hadi wiki, siki ya wazi, bia inayovutika kama ute unapoimimina, ladha ya plasta ya kidonda, au harufu ya mboga iliyooza ndani ya siku mbili za kwanza kabla hamira haijaamka. Hiyo ya mwisho inatoka kwa bakteria wa utumbo na jamaa zao. Wanafanya fujo mwanzoni kisha pombe na asidi vinawamaliza, ila harufu yao huweza kubaki.

Na ukitaka shahidi asiyeogopa mtu, tumia haidromita. Pima, ngoja siku tatu, pima tena. Ikisoma 1.010 mara zote mbili, bia imetulia. Ikiwa ilitulia kwenye 1.012 halafu taratibu inashuka 1.008, 1.004, na kuendelea, humo ndani kuna mgeni anayekula sukari ambazo hamira yako haiwezi kuzila. Usirudishe sampuli ndani ya ndoo, kunywa.

Mgeni wa Sufuria

Dah. Mimi nimekuja kusoma niondoe hofu, nimeongezewa nyingine. Huyo mgeni akiwa yumo na mimi nishaweka kwenye chupa?

Haidromita

Hapo ndipo hofu inapopata kazi halali. Uchachu hauui mtu, chupa inayopasuka inaweza kumtoboa jicho.

Hesabu yake ni rahisi. Kila nukta moja (yaani 0.001) inayoshuka kwenye haidromita ndani ya chupa iliyofungwa inaongeza gesi karibu nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Gramu 6 au 7 za sukari kwa lita unazoweka ili bia itoe povu zinakupa jumla ya ujazo 2.4 hivi. Sasa fikiria uliijaza ikiwa 1.014 na mgeni akaishusha hadi 1.006. Nukta nane, ujazo minne ya ziada, jumla inapita 6. Chupa ya kawaida ya bia haikutengenezewa hiyo.

Wageni wa namna hii ni hamira pori, na hasa ile jamii inayoitwa *diastaticus*, ambayo ni ndugu wa karibu kabisa wa hamira ya bia lakini ina kimeng'enya cha kuvunja sukari ndefu. Kuna hamira za dukani zenye tabia hiyo zinazotumika kwa bia za mtindo wa saison. Ukizitumia leo na mpira uleule usiooshwa vizuri ukautumia kwenye bia nyingine, umejiambukiza mwenyewe. Halafu kuna hopsi zinazowekwa baada ya kuchachuka: zina vimeng'enya vinavyoamsha uchachukaji upya. Watu wanapiga kelele "maambukizi!" kumbe ni hopsi. Dawa yake ni kusubiri usomaji utulie tena ndipo ujaze.

Ukishuku chupa zako, zihamishie kwenye friji, vaa kitu cha kukinga macho, funika kwa taulo nene, fungua moja ikiwa baridi sana. Ikimwagika povu bila kukoma, fungua zote taratibu gesi itoke. Usizitikise, na usiziache kabatini zikikusubiri.

Mama Kimea

Vijana mnaongea vizuri ila mnaruka chanzo. Bia haiharibiwi na hewa ya chumbani. Inaharibiwa na KOKI.

Mtu anakuja analia, ndoo tatu mfululizo zimechachuka, kabadilisha hamira, kabadilisha dawa ya kuua vijidudu, kahamisha chumba. Namuuliza, ile koki ya chini ya ndoo umeifungua lini? Ananiambia naipitishia dawa kila siku. Kuipitishia si kuifungua. Ichomoe kwenye ndoo, itie kwenye maji ya moto, isukume hadi zile silinda mbili za plastiki zitengane. Kati yake utakuta uteute wa kahawia, una harufu ya chachu na siki kwa pamoja. Bia yako yote ilipita hapo kwenda kwenye chupa. Chini ya mpira wa kuzuia kuvuja, mle kwenye uzi wa kufungia, napo ni vilevile.

Dawa haiui vijidudu vilivyo chini ya uchafu. Huo uteute ni nyumba yao, dawa inapaka bati rangi tu wenyewe wamelala ndani. Kwanza sugua kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, au soda ya pakabonati (unga wa kusafishia unaotoa oksijeni), mpaka kidole kikipita hakitelezi. Ndipo dawa. Hatua mbili, na ya kwanza ndiyo kazi.

Tazama na hizi: mpira wa kunyonyea bia (ukishakuwa na weupe wa maziwa ndani, tupa, usiuonee huruma), kile kijiti cha kujazia chupa chenye springi, shingo za chupa zenye pete kavu ya bia ya zamani, na mikwaruzo ndani ya ndoo. Mikwaruzo ya ndoo inatokana na sponji ngumu, tumieni kitambaa laini jamani.

Fundi Jungu

Mama Kimea umeupiga mwingi. Ila kuhusu dawa, mimi ni mtu wa jiki tangu naanza na bia zangu ziko poa. Hizi dawa za asidi za kutosuuza naona ni biashara ya watu.

Haidromita

Jiki inaua, hakuna anayebisha. Shida ni kinachobaki. Klorini ikikutana na fenoli za kimea inazaa klorofenoli, ile ladha ya plasta niliyoitaja, na ulimi unaisikia hata ikiwa sehemu chache katika bilioni. Kwa hiyo ukitumia jiki lazima usuuze sana, na ukisuuza kwa maji ya bomba yasiyochemshwa unarudisha vijidudu ulivyovifukuza. Ukitaka kuendelea nayo, suuza kwa maji yaliyochemshwa. Na usije ukaichanganya na siki wala dawa yoyote ya asidi, inatoa gesi ya klorini. Hiyo ni hatari kuliko maambukizi yote yaliyotajwa humu.

Ladha hiyohiyo inaweza kutoka kwenye maji ya kupikia yenye klorini. Kidonge cha metabisulfiti kimoja kinatosha kuondoa klorini kwenye lita 75 hivi, kivunje vipande kulingana na maji yako.

Fundi Jungu

Sawa mkuu, la kusuuza kwa maji ya kuchemsha nimelichukua. Jiki siiachi.

Ndoo Nyeupe (mleta uzi)

Hata mimi sioni sababu ya kumuhamisha mtu ambaye bia yake ni nzuri. Wenye dawa za asidi ya fosfori, povu lake lisiwatishe, acheni libaki chomboni. Dakika moja au mbili za kulowana zinatosha. Kinachohitajika ni sehemu yote ilowe kwa muda huo, kupulizia na kufuta hakuhesabiki.

Niongeze kipimo kimoja kwa wale wenye bia zinazoharibika mfululizo bila kujua kosa liko wapi. Siku ya kupika, ukishapoza maji ya kimea na kabla ya kuweka hamira, chota kidogo kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa. Funika kwa kulegeza, iweke sehemu yenye joto la nyuzi 30 hivi, iangalie kila siku. Humo hakuna hamira, kwa hiyo chochote kitakachochachua humo kimeingia chenyewe. Ikianza kutoa mapovu au kuwa na weupe wa mawingu ndani ya saa 24, upozaji wako ni mchafu: mrija, sufuria, mpira wa kuhamishia. Ikikaa siku tatu bila kubadilika, upande huo uko salama, katafute kosa kwenye koki na chupa. Ukimaliza kuangalia mwaga, hiyo usionje, ndiyo yale maji ya kimea yasiyo na hamira niliyoyataja juu.

Povu Taratibu

Mnanifurahisha. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen alitenga hamira safi kutoka seli moja kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Kabla ya hapo hamira za wapikaji bia kwa kawaida zilikuwa mchanganyiko. Na mwaka 1904 mtu mwingine wa Carlsberg, Claussen, akaeleza hamira ya *Brettanomyces* iliyotoka kwenye bia za Uingereza zilizokaa muda mrefu, akasema ndiyo iliyozipa ladha yake. Leo kuna watu wanainunua hamira hiyo kwa pesa na kuiweka kwa makusudi, na wengine humu wanamwaga ndoo nzima wakiihisi.

Mama Kimea

Ndiyo, lakini aliyeinunua aliitaka. Aliyetaka bia nyepesi ya dhahabu akapata harufu ya jasho la farasi, usimwambie historia.

Mgeni wa Sufuria

Nina mawili nimalizie. Niliipoza ndoo ghafla, kipumulio (kile kifaa cha maji kinachotoa gesi mfunikoni) kikanyonya maji yake yote yakaingia ndani ya bia. Na la pili, ile ndoo iliyotoa bia chachu kweli, ndiyo basi tena?

Ndoo Nyeupe (mleta uzi)

La kwanza: kipumulio kilikuwa na nini? Kama ni dawa ya asidi iliyochanganywa kwa kipimo au pombe kali, yale matone machache hayana neno kwenye lita 20. Kama ni maji ya bomba yaliyokaa wiki mbili na mdudu mmoja ameelea humo, bado nafasi kubwa ni kwamba hamira imeshamaliza ushindani, ila hewa nayo imeingia, kwa hiyo usiikalishe sana. Ijaze kwenye chupa usomaji ukitulia, ihifadhi baridi, ianze kunywewa. Safari nyingine kabla ya kupoza ondoa kipumulio, weka kizibo au foili iliyolowa dawa.

La pili: plastiki ipitishe ukucha ndani. Kama ukucha unakwama kwenye mikwaruzo, usiirudishie bia safi. Kama ni laini, iloweke usiku kucha kwenye pakabonati na maji ya moto, suuza, kisha dawa, na itarudi kazini. Koki, mpira na kile kibiringo cha mpira cha mfuniko badilisha vyote, bei yake haifiki ya bia utakayomwaga. Stenlesi na kioo havina kesi, sugua chemsha endelea.

Ndoo yangu yenye mikwaruzo nimeiandikia CHACHU ubavuni kwa wino usiofutika, na ina mpira wake na koki yake. Bia chachu za makusudi zinapikwa humo, nyingine hazisogei.